Jinsi ya Mwajiri na Kampuni ya Bima Kupinga Tathmini ya Fidia ya Ajali Kazini

Barua ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini inapomfikia mwajiri wa Kisumu ikimtaka alipe fidia, siku huwa zinahesabiwa kwa kalenda mbili. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Kenya ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ambayo wengi wetu huiita WIBA, humpa yeye au bima yake siku 90 za kulipa, ilhali kifungu cha 51 humpa siku 60 tu, tangu uamuzi utolewe, za kuupinga uamuzi wenyewe. Faili nyingi huharibikia hapo: mwajiri huikabidhi barua kwa wakala wa bima, wakala huituma Nairobi, na kampuni inapoanza kuuliza maswali, siku ya 60 imekwisha kupita. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuipiga barua mhuri wa tarehe siku ileile inapopokelewa, na kuipeleka kwa kampuni ya bima pamoja na tarehe ya mwisho ya pingamizi iliyoandikwa waziwazi.

Utetezi wenyewe, hata hivyo, huanza siku ya ajali. Mwajiri anatakiwa kuiarifu ofisi ya Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali, na ndani ya saa 24 iwapo mfanyakazi amefariki. Taarifa hutolewa kwa fomu ya DOSH/WIBA 1, ambayo mwajiri hujaza sehemu yake na daktari hujaza yake. Andika kilichotokea, wala usiandike lawama. Sentensi kama "alijikata kwa uzembe wake" haimsaidii mwajiri hata kidogo, kwa kuwa fidia hii hailipwi kwa kupima nani alizembea. Kinachoweza kuizuia ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haufai kitu endapo ajali imeleta kifo au ulemavu mkubwa.

Hoja zenye uzito ni chache: kwamba mdai hakuwa mwajiriwa wako, kwamba jeraha halikutokana na kazi wala halikutokea akiwa kazini, kwamba dai liliwasilishwa baada ya miezi 12, kwamba asilimia ya ulemavu imezidishwa, au kwamba mshahara uliotumika katika hesabu si sahihi. Hoja hii ya mwisho hupuuzwa mno, nayo ndiyo rahisi kuthibitisha. Tuseme kijana anayelisha miwa kwenye mashine ya kiwanda kidogo cha sukari guru hulipwa shilingi 18,000 kwa mwezi, na daktari amemkadiria ulemavu wa kudumu wa asilimia 10. Fidia ya ulemavu kamili ni mapato ya miezi 96, kwa hiyo haki yake ni shilingi 172,800. Ikiwa aliyekokotoa alichukua hati ya malipo ya msimu wa miwa, iliyokuwa na shilingi 4,000 za saa za ziada zisizo za kawaida, hesabu itapanda hadi shilingi 211,200. Hati za malipo za miezi kadhaa, pamoja na rejista ya mahudhurio, zitamaliza ubishi huo bila wakili kupaza sauti. Lakini kama saa hizo za ziada hulipwa kila mwezi mwaka mzima, iache hoja hiyo. Ni sehemu ya mapato yake.

Ukitilia shaka asilimia, usitosheke na kusema kwamba ni kubwa. Omba mfanyakazi apimwe upya na daktari atakayeteuliwa na Mkurugenzi, ukitaja kidole au kiungo chenyewe na kukilinganisha na Jedwali la Kwanza la Sheria, linaloorodhesha asilimia ya ulemavu kwa kila jeraha. Ambatisha maandishi ya matibabu ya siku ya kwanza, kwani ndiyo yatakayoonyesha kama jeraha linalodaiwa leo lilikuwapo siku hiyo.

Pingamizi huandikwa kwa fomu iliyowekwa, na kuambatana na maelezo mafupi ya mazingira ya ajali na nafuu unayoomba. Peleka nakala mbili katika ofisi ya Mkurugenzi ya kaunti, na urudi na moja iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mkurugenzi anapaswa kujibu kwa maandishi, akitoa sababu, ndani ya siku 14. Usiporidhika, una siku 30 tangu upokee jibu hilo za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, ambayo ina kituo Kisumu. Wakati huo wote endelea kugharamia matibabu, kwa kuwa ubishi juu ya kiwango cha fidia haukuondolei wajibu huo.

Hutokea pia mfanyakazi akaruka hatua hizi zote na kumshtaki mwajiri mbele ya hakimu. Hapo weka pingamizi la awali kuhusu mamlaka ya mahakama kabla ya kujibu madai ya uzembe, ukitegemea kifungu cha 16, kinachomzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake kwa jeraha la kazini, na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 3 Desemba 2019 uliokithibitisha kifungu hicho. Angalia kwanza tarehe ya kufunguliwa kwa kesi, maana maelekezo ya Jaji Mkuu ya 2023 yaliruhusu kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi huo ziendelee hukohuko hadi tamati, na katika hizo itakubidi utafute mashahidi wako.