Somo: Mpangilio wa vichocheo vya ukuaji unapokuza megakariositi kutoka seli shina za damu

Swali la "nina seli nyingi, mbona chembe sahani sizioni?" nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naandika jibu lote hapa, na nawaomba wanaoanza kazi hii walisome hadi mwisho kabla ya kuuliza. Megakariositi ni seli kubwa za uboho zinazotoa chembe sahani, vile vipande vidogo vinavyosaidia damu kuganda.

Hatua ya 1. Tenga seli zenye alama ya CD34 (protini ya juu ya seli inayotambulisha seli shina za damu) kutoka damu ya kitovu kwa shanga za sumaku, kisha uzihesabu.

Hatua ya 2. Ziweke katika kimiminika cha kukuzia kisicho na seramu, ndani ya inkubeta yenye nyuzi 37 na kaboni dioksaidi asilimia 5.

Hatua ya 3. Yeyusha vichocheo katika kimiminika chenye albumini, kwa sababu vichocheo ni protini, na zikiwa chache peke yake hushikamana na plastiki ya kichupa. Vigawe katika vichupa vidogo na usigandishe kichupa kimoja mara mbili.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipoharibu kazi ya wiki mbili. Nilitia trombopoietini (TPO), kichocheo cha seli shina (SCF) na interleukini-3 (IL-3) siku ya kwanza, nikaviacha vyote hadi siku ya 14. Seli zilijaa tele, nami nikafurahi, lakini nilipoziweka chini ya darubini niliona megakariositi moja hapa na nyingine kule, huku zilizobaki zikiwa seli ndogo za mviringo na makrofaji zilizong'ang'ania sakafu ya chupa. Sababu ni kwamba SCF na IL-3 huzihimiza seli changa za koo nyingi zigawanyike, zikiwemo zile zitakazokuwa granulositi na makrofaji, ilhali TPO, kupitia kipokezi chake kiitwacho Mpl, huielekeza seli ikomae kuwa megakariositi na kurudufu DNA yake bila kugawanyika. IL-3 ikibaki hadi mwisho, urudufu huo hudumaa. Kwa hiyo siku 4 za mwanzo natumia TPO nanogramu 50 kwa kila mililita, SCF 25 na IL-3 10; baada ya hapo naziosha seli na kuendelea na TPO peke yake.

Onyo la kwanza: usijivunie jumla ya seli, zidisha jumla hiyo kwa sehemu yenye CD41 na CD42b (alama za megakariositi) kwa pamoja, ndipo ujue ulichovuna. Onyo la pili: kuanzia siku ya 8 seli ni kubwa na dhaifu, hivyo tumia pipeti yenye mdomo mpana na uzungushe sentrifuji kwa kasi ndogo.

Hatua ya 5. Kati ya siku ya 10 na 14, tazama kila siku mikia mirefu yenye vifundo inayochomoza kwenye seli. Huko ndiko chembe sahani zinakotokea.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanamaabara_Mpya: Mimi nilitumia seramu ya kawaida na seli hazikomai. Tatizo ni nini?

Jibu: Rudi Hatua ya 2. Seramu hutoka kwenye damu iliyokwisha kuganda, na chembe sahani zilizomo huwa zimemwaga protini za TGF-beta na PF4, ambazo zote huzuia megakariositi.

Kidarubini: Shikamoo mwalimu. Nikiongeza TPO maradufu mwishoni, je, nitapata chembe sahani zaidi?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kuuliza hivyo. Hapana. TPO huongeza idadi ya megakariositi na kuzikomaza, lakini kuachilia chembe sahani si kazi yake. Panya waliozaliwa bila kipokezi cha Mpl wana chembe sahani chache, lakini wanazo. Kumbuka pia kwamba megakariositi za damu ya kitovu mara nyingi huishia na seti 2 au 4 za kromosomu, wakati zile za uboho wa mtu mzima kwa kawaida hufika 16, hivyo kiasi cha TPO hakitafuta tofauti hiyo yote.

Mpita_Njia: Naomba vipimo tu, maelezo ni marefu.

Jibu: Vipimo vimo katika Hatua ya 4, na bila maelezo yake utarudia kosa langu.

Dada_wa_Uboho: Je, dawa ya eltrombopag inaweza kuchukua nafasi ya TPO? Ni nafuu kwetu.

Jibu: Inaweza kuiamsha Mpl, tena hushika sehemu ya kipokezi iliyo ndani ya utando wa seli, hivyo haigombanii nafasi na TPO. Lakini inafanya kazi kwa seli za binadamu na sokwe, si za panya, na hunasa madini ya chuma. Weka chupa ya kulinganishia yenye TPO pembeni.

Kidarubini: Nyongeza kwa wenzangu: chembe sahani za mchangiaji hugandamana na monositi, na mashine ya kusoma alama za seli husoma CD41 ya uongo. Mimi hupaka seli chache kwenye kioo na kuzitia rangi kabla ya kuamini asilimia.

Jibu: Nami hufanya hivyo siku ya 4, kabla ya kuosha.