Jinsi ya kuongoza jioni ya kuombea mataifa nyumbani

Bwana asifiwe wapendwa. Kuna dada wa Masasi kanipigia juzi, kapewa zamu ya kuongoza ibada ya nyumbani Alhamisi, mada "Mungu anataka mataifa yote yatubu na kumwabudu", na hajui aanzie wapi. Nikamwelekeza kwa simu mpaka salio likakata kwaiyo namalizia hapa na wengine mfaidike.

Anza na neno lenyewe, mataifa. Huku kwetu tukisema "mtu wa mataifa" tunamaanisha jirani ambaye hajaokoka, yule anayekunywa uraka wake, pombe ya mabibo, chini ya mkorosho, wakati kwenye Biblia mataifa ni watu wote wasio Wayahudi, yaani Mmakonde, Mmakua, Myao, Mmwera, sote humo humo, na mchungaji wako pia ni mtu wa mataifa. Lisemeni hilo mwanzoni kabisa. Na mkiwa Masasi au karibu na hapo wakumbushe na historia, mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, wale wamisionari wa Kianglikana, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, walikuwa wanarudishwa kwao upande wa Ziwa Nyasa, wakaishia kutulia hapo Masasi na kanisa likaanza. Kwaiyo waliotuletea habari hii wengi wao walikuwa watu waliouzwa kama mbuzi. Ukishasema hivyo watu watanyamaza kidogo, waache wanyamaze, usikimbilie kuimbisha pambio.

Mi hili nimejifunza kwa aibu. Mwaka fulani nilimwalika jirani yangu, mzee mmoja mstaarabu sana, kafika kakaa zake pembeni kwenye mkeka, mara ndugu mmoja kasimama akaanza "tuwaombee watu wa mataifa waliopotea" huku anamwangalia yeye. Mzee akamaliza chai yake, akaaga vizuri tu, hakurudi tena.

Sasa andiko. Chagua moja. Najua utatamani kubeba Mwanzo 12:3, Zaburi 67, Isaya 56:7, Matendo 17:30, 2 Petro 3:9, Ufunuo 7:9, na kweli zote ndo zinabeba mada hii, ila watu wametoka shamba wamechoka, ukiwapekuesha hivyo nusu saa nzima nusu yao watakuwa wanasinzia. Mi nachukua kitabu cha Yona chote. Sura 4, mistari 48, haifiki robo saa. Gawa kwa wasomaji wanne, kila mmoja sura yake, na uwaambie mapema wote wasome Biblia ya Union, ile tafsiri ya zamani, maana mmoja akisoma tafsiri nyingine ya kwenye simu mtaishia kubishana maneno.

Sura ya 1 na 2 pita haraka. Kila mtu anamjua samaki, na watoto wakiwepo watataka mkae hapo hapo kwa samaki, ukikubali umekwisha. Kaa sura ya 3. Yona anahubiri mahubiri mafupi kuliko yote, kwa Kiebrania ni maneno matano tu, na hakuna hata neno moja la kuwabembeleza, lakini mji mzima wa Ninawi, mji wa mataifa aliotumwa, unageuka, mkubwa kwa mdogo wanavaa magunia, hadi mifugo inavalishwa. Hapo uliza swali: Mungu aliona nini? Wengi watajibu magunia. Waambie warudi mstari wa 10 wasome taratibu, Mungu aliona matendo yao, kwamba wameiacha njia yao mbaya, na mstari wa 8 mfalme alishasema waache udhalimu ulio mikononi mwao.

Hapo ndo pa kukaa na kulisha watu, maana magunia sisi tunayajua. Msimu wa korosho nani hapa hajashika gunia? Uliza polepole, bila kumtazama mtu usoni, udhalimu wa mikononi kwetu ukoje. Kangomba, kununua korosho ya mtu mwenye njaa kabla ya msimu kwa bei ya kumkomoa. Kutia mchanga kwenye gunia ili uzito upande. Halafu waambie, korosho yetu ghafi inapakiwa bandarini inaenda India na Vietnam, sasa huyu unayemwombea leo atubu ndo huyo huyo atakayefungua gunia lako akute mchanga, atamwabudu Mungu yupi? Mi nikiuliza hivyo huwa nakaa kimya dakika mbili, kila mtu atubu moyoni mwake. Usimlazimishe mtu kuungama hadharani, mtaa mdogo huu.

Sura ya 4 someni hadi mwisho na msiongeze kitu. Kitabu kinaishia na swali, Mungu anamuuliza Yona kwa nini asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama pia, na Yona hajibu. Kama muda upo ongeza kidokezo kimoja ambacho mi hunifurahisha kila mara: Yona alipandia meli Yafa akikimbia asiende kwa mataifa, na kwenye Matendo 10 Petro alikuwa Yafa hiyo hiyo alipoitwa aende kwa Kornelio, afisa wa Kirumi. Huyu akaenda.

Majirani Waislamu wakiwepo au wakisikia dirishani, hiyo habari wanaijua, Yona ndo Nabii Yunus na Kurani ina sura yenye jina lake. Msiifanye mtego. Mwalike mtu kwa kumwambia wazi kwamba ni ibada, spika iacheni ndani, na adhana ikianza tulieni kidogo, haiwapunguzii kitu.

Maombi yenyewe yawe na majina. "Ee Bwana wakumbuke mataifa yote" mtu anasema huku anawaza ugali. Anzeni Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma tu hapo, wengine mna ndugu kabisa upande ule, halafu India, halafu Vietnam, kila nchi mtu mmoja aombe kwa sauti, dakika mbili zinatosha.

Mwisho mwabudu kwa Zaburi 117. Ni mistari miwili tu, zaburi fupi kuliko zote, na inawaita mataifa yote wamsifu Bwana. Isomeni kwa Kiswahili kwanza, halafu kila mwenye lugha yake aiseme kwa lugha yake hata kama anababaisha, Kimakonde, Kiyao, Kimwera. Waanze wazee. Sisi mara ya mwisho bibi mmoja aliisema kwa Kimakua huku ameshika bakuli la ming'oko, vile viazi pori vyetu, akakosea, akacheka, akaanza upya, na ming'oko ikapoa tukiwa bado tunamsubiri amalize.