Umetishiwa kushtakiwa kwa maoni uliyoandika kuhusu biashara? Anza hivi

Barua za aina hii ninazoletewa ofisini kama wakili hufanana sana: futa ulichoandika, omba radhi hadharani, ulipe fidia, la sivyo tukutane mahakamani. Kabla ya yote, tazama umeshika nini. Barua ya wakili si kesi. Samansi ya mahakama ni kesi, ina tarehe ya mwisho ya kujibu, na ukiipuuza hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa. Hiyo ipeleke kwa wakili siku hiyohiyo.

1. Hifadhi kwanza. Piga picha ya skrini ya maoni yako, tarehe na anwani ya ukurasa zikionekana. Kusanya risiti, mkataba na ujumbe mliotumiana.

2. Nyamaza. Usiwapigie simu, usiongeze maoni mengine, usiwatume rafiki zako wakawashambulie. Maneno ya hasira yatakuja kusomwa kama ushahidi wa nia mbaya.

3. Chambua sentensi moja moja. Kazi kubwa iko hapa. Kwa kila sentensi jiulize: hili lilitokea, au ni mtazamo wangu? "Fundi aliahidi kuja Jumatatu, hakuja" ni jambo lililotokea. Kinga yake ni ukweli, na katika nchi nyingi mzigo wa kuuthibitisha ni wako wewe uliyesema. "Huduma yao mbovu" ni mtazamo. Sheria huulinda zaidi, hasa pale msomaji anapoona umetokana na nini.

Hatari iko kwenye "hawa matapeli" na "mwenye duka ni mwizi". Wewe unadhani umetoa dukuduku, kumbe umemtuhumu mtu kwa jinai. Kutanguliza "kwa maoni yangu" hakukuokoi, wala "nasikia", kwani anayerudia uvumi huhesabiwa kama aliyeusema. Andika badala yake: "Nililipa, mzigo haukufika, pesa sijarudishiwa." Kusema kweli, hiyo huwachoma zaidi.

4. Pima uzito wa tishio. Sheria hutofautiana. England na Wales, sheria ya kashfa (yaani maneno ya kumharibia mtu jina) ya 2013 inaitaka kampuni ya kibiashara ionyeshe kwamba imepata, au inaelekea kupata, hasara kubwa ya kifedha, na kwa kawaida kesi hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja. Marekani, sheria ya 2016 inabatilisha vifungu vinavyomziba mteja mdomo katika mikataba ya fomu, ile iliyoandikwa tayari ambayo mteja huikubali tu bila kujadiliana. Kabla yake, kwa kutumia kifungu cha aina hiyo, duka moja la mtandaoni lilithubutu kuwadai wanandoa wa Utah dola 3,500 kwa sababu ya maoni mabaya. Kwingine kashfa bado ni kosa la jinai, na huko usijibu lolote bila wakili.

5. Jibu kwa maandishi, kwa ufupi. Mfano:

"Nimepokea barua yenu. Tafadhali nionyesheni ni maneno yapi mnayosema ni ya uongo, na ushahidi wenu. Nikiridhika kwamba nimekosea, nitarekebisha."

Usikiri kosa, usiahidi pesa. Wengi wa wanaotishia huishia hapo, kwa sababu kutaja sentensi ya uongo ni kugumu pale ambapo haipo.

6. Ukiamua kufuta, kwa mfano kwa kuwa huna ushahidi wa kutosha, usifute bure. Dai kwanza maandishi yenye saini yao kwamba hawatakudai chochote tena kuhusu maoni hayo, kisha ndipo ufute.