Unasaga meno usiku? Anza kwa kuwauliza ndugu zako

Ukiambiwa kwamba unasaga meno usingizini, usikimbilie kusema ni mawazo mengi. Waulize kwanza ndugu zako. Kwetu anasaga baba, ninasaga mimi, na sasa binti yangu ameanza. Dada yangu, tuliyelala chumba kimoja utoto mzima, hajawahi kutoa hata mlio.

Chukua karatasi kubwa. Juu waandike babu na bibi wa pande zote mbili, chini yao wazazi pamoja na wajomba na mashangazi, kisha wewe na nduguzo, mwisho watoto. Sasa uliza, lakini usimwendee mtu ukamwambia "wewe unasaga meno?" Atakataa kwa moyo safi, maana hajisikii akiwa amelala. Muulize anayelala karibu naye. Habari za baba nilizipata kwa mama, na za marehemu babu alinipa shangazi. Mwenyewe muulize kama huamka taya zimechoka, kama kichwa humuuma kwenye panja asubuhi, kama meno yake ya mbele yamekuwa mafupi.

Tenganisha utoto na utu uzima. Watoto wengi husaga kisha huacha, hivyo mjomba anayelala kimya leo huenda alisaga akiwa na miaka sita. Tenganisha pia usiku na mchana: kubana meno ukiwa macho, mbele ya kompyuta au kwenye usukani, hufungamana zaidi na msongo.

Karatasi ikishajaa, isome kwa uangalifu. Utafiti wa mapacha nchini Finland, uliochapishwa mwaka 1998, ulikadiria kwamba jeni zinaeleza asilimia 49 ya tofauti za kusaga meno utotoni kwa wanaume na asilimia 64 kwa wanawake. Ukubwani, asilimia 39 na 53. Hizo ni tofauti kati ya watu katika jamii nzima. Hazina maana kwamba nusu ya usagaji wako umetoka kwa baba, wala kwamba mwanao lazima asage. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walihusisha usagaji wa usiku na jeni ya kipokezi cha serotonini, kemikali ya ubongo inayoshiriki katika kuongoza usingizi. Hata hivyo hakuna jeni moja inayoamua jambo hili, na kwa maoni yangu kulipia kipimo cha vinasaba kwa ajili ya meno tu ni kupoteza fedha.

Mtu yeyote akilala, ubongo wake hushtuka mara kwa mara kwa sekunde chache bila yeye kuamka. Kwa msagaji, moyo huenda mbio kidogo, kisha misuli ya taya hukaza. Ndiyo maana chochote kinachovuruga usingizi humchochea aliyekwisha kurithi mwelekeo huo: pombe, sigara, kahawa nyingi. Baadhi ya dawa za sonona pia, kama fluoksetini na sertralini, zinaweza kuanzisha usagaji; zungumza na daktari aliyekuandikia, usiziache mwenyewe.

Kwa hiyo ongeza safu moja kwenye karatasi yako: nani anakoroma, na nani hukatika pumzi usingizini. Kukatika pumzi nako huonekana katika familia, na ni hatari kubwa kuliko meno kuisha. Ukikuta wasagaji wako ndio hao hao wanaokoroma kwa nguvu na kusinzia mchana, wahimize wakapimwe usingizi.

Mtoto anayesaga bila maumivu wala meno kumeguka, mwangalie tu. Binti yangu simwamshi wala simgombezi. Akikoroma au akilalamika taya, ndipo nitampeleka.

Mtu mzima apeleke karatasi yake kwa daktari wa meno. Mwombe apige picha au achukue umbo la meno yako, ili mwaka ujao mlinganishe muone yamelika kiasi gani. Akikushauri kinga ya kuvaa usiku, chagua ile inayotengenezwa kwa umbo la kinywa chako. Mimi ninaivaa na taya bado zinakaza, maana kazi yake ni kulinda meno, haizimi misuli. Mchana zoea kufunga midomo huku meno ya juu na ya chini yakiwa hayagusani.