Somo: Nyoka wako kanenepa, kakonda au yuko sawa?

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nyoka wangu ana miaka mitatu, anatakiwa awe na gramu ngapi?" Sina namba ya kukupa, na ukikutana na jedwali linalokupa namba moja, lisome kwa tahadhari. Chatu-mpira (Python regius) wawili walioanguliwa siku moja wanaweza kupishana mamia ya gramu ukubwani na wote wakawa wazima. Jike huwa mkubwa kuliko dume: jike wa gramu 1,800 anaweza kuwa sawasawa kabisa, ilhali dume mwenye umbo dogo akifika hapo, mara nyingi ni mafuta matupu.

Kwa hiyo tunaanza na mwili. Mizani inakuja baadaye. Na niseme mapema: nyoka wengi wa kufugwa ninaowaona wakiwa na tatizo la uzito ni wanene, ila wenyewe wanasifiwa kuwa "wameshiba vizuri".

Hatua ya 1: Mtazame akiwa ametulia

Msubiri ajinyooshe mwenyewe. Akiwa amejikunja kwa woga au tumbo lina mlo, hutaona kitu. Mwangalie kutoka juu, kuanzia shingoni hadi mkiani. Mwili unatakiwa upanuke taratibu, halafu upungue taratibu kupita tundu la haja hadi ncha ya mkia. Kwa nyoka mnene, mwili unaishia ghafla na mkia unaonekana mwembamba kupita kiasi, kana kwamba umeazimwa kwa nyoka mwingine.

Kisha mwangalie anapokata kona. Magamba kuachana kidogo upande wa nje wa kona ni kawaida kwa nyoka yeyote. Lakini ukiona ngozi katikati ya magamba hata akiwa amenyooka, na hajala karibuni, au upande wa ndani wa kona nyama inajikunja mikunjo mikunjo, hapo pana mafuta.

Hatua ya 2: Mpapase

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Pitisha kidole polepole juu ya uti wa mgongo, halafu shuka nacho ubavuni. Mwenye afya utausikia uti bila kuukuta umesimama kama ukingo, na pande zake zitateremka zikiwa zimejaa na ngumu kiasi. Aliyekonda, uti umechomoza, nyama za pembeni zimebonyea na ngozi imelegea ikaacha mistari mirefu ubavuni. Mnene, uti umezama katikati ya vilima viwili, na ukibonyeza pembeni ni laini.

Zingatia aina yake. Nyoka-mahindi (Pantherophis guttatus) ni wa mviringo mwenye tumbo bapa. Chatu wa kijani wa mitini (Morelia viridis) ana mgongo uliochongoka kwa asili, na wapo wanaomlisha kupita kiasi wakitaka kuujaza. Chatu wa damu (Python brongersmai) naye kaumbwa mnene na mfupi, usimkondeshe bure.

Hatua ya 3: Mpime na uandike

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu inatosha kwa nyoka wengi. Weka sanduku lenye mfuniko na matundu ya hewa, rudisha mizani kwenye sifuri, mtie nyoka, funika, soma.

Muda wa kupima ndio wenye maana. Mpime kabla ya kumlisha, na ikiwezekana baada ya kupata choo. Nyoka akimeza, mwili wake hubadilika kuliko tunavyodhani: kwa chatu wa Burma imepimwa kwamba moyo unaweza kukua kwa takriban 40% ndani ya siku mbili baada ya mlo mkubwa, na utumbo nao hunenepa, kisha vyote vikarudi. Uzito wa siku hizo unakueleza habari za panya aliyemezwa, si za nyoka.

Andika tarehe, uzito, mlo wa mwisho, siku aliyojivua gamba na siku aliyopata choo. Mkubwa mara moja kwa mwezi. Mtoto kila wiki moja au mbili. Urefu usiupime kwa gamba alilovua, maana hunyumbuka likawa refu kuliko mwenyewe.

Hatua ya 4: Pima na mlo pia

Watu hupima nyoka wakasahau kupima panya. Kwa mtoto, panya wa 10% hadi 15% ya uzito wake, kila baada ya siku 5 hadi 7, humtosha kukua. Kwa chatu-mpira mkubwa, 5% hivi kila wiki mbili hadi nne. Mfano: nyoka wa gramu 1,500 anahitaji panya wa gramu 75 tu. Nyoka-mahindi mkubwa, kila siku 10 hadi 14. Boa mkubwa anaweza kukaa mwezi au zaidi.

Kosa linazaliwa hapa: nyoka anakua lakini ratiba inabaki ileile ya utotoni. Kila Jumamosi panya, na panya mwenyewe anazidi kuwa mkubwa. Isitoshe, panya mzee aliyenona ana mafuta mengi kuliko kijana.

Hatua ya 5: Kumpunguza au kumwongeza

Kumpunguza: anza na ukubwa wa mlo, kisha refusha siku kati ya mlo na mlo. Usimkatie chakula ghafla, kwa sababu ini la nyoka mnene linaweza kuzidiwa na mafuta. Joto libaki palepale. Mpe nafasi ya kutambaa na matawi ya kupanda. Hesabu miezi, na kwa aliyenona sana hesabu mwaka.

Kumwongeza: tafuta kwanza sababu ya kukonda. Angalia joto, vidonda mdomoni, na kinyesi kipimwe minyoo na vimelea. Nyoka anayekonda, anayetapika mlo na kuvimba katikati ya mwili anaweza kuwa na kimelea cha tumboni kiitwacho Cryptosporidium, na hilo halitibiwi kwa panya wa ziada. Akipoteza 10% ya uzito bila sababu unayoijua, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia.

MASWALI YA WANACHAMA

Shukrani kwa somo mkuu. Chatu-mpira wangu jike kagoma kula miezi miwili. Alikuwa gramu 1,640, sasa 1,590. Nimlazimishe?

Usithubutu. Amepungua gramu 50, yaani 3% tu, na aina hii inajulikana kwa kugoma kwa miezi. Hakikisha upande wa joto uko nyuzi 31 hadi 33 na ana mahali pa kujificha panapombana. Mwekee chakula kila wiki mbili. Ukimsumbua kila siku unamzidishia woga. Akikaribia gramu 1,475, au akianza kupumua kwa mlio, nenda kwa daktari bila kusubiri.

Wangu akimaliza kula anaendelea kuzunguka akitafuta, na kila nikifungua kizimba ananirukia. Si njaa hiyo?

Ni hamu, ndugu yangu. Chatu porini hukaa akivizia, hajui lini mlo mwingine utapita, kwa hiyo akiupata anaumeza. Ukimfuata hamu yake atakula hadi aharibikiwe. Fuata daftari na kidole. Na kama kufungua kizimba kwake maana yake ni chakula siku zote, mguse kwanza kwa kijiti kirefu cha kumshikia ajue leo si siku ya kula.

Nyoka-mahindi jike, nusu ya nyuma imejaa ghafla ndani ya wiki chache. Nianze kumpunguzia?

Hapana dada, subiri. Mafuta huja taratibu. Kujaa kwa haraka sehemu ya nyuma kwa jike kunaweza kuwa mayai, na jike hutaga hata bila dume. Mwekee sanduku lenye unyevu la kutagia. Ukiona uvimbe mmoja mgumu, au ametaga mengine na mengine yamebaki, ni kazi ya daktari. Usijaribu kuyakamua.

Nimenunua kitoto kimekonda sana, mgongo wote unaonekana. Nimpe vitoto viwili vya panya kwa mpigo apate nguvu haraka?

Atatapika, na kutapika kutamkondesha zaidi. Mpe maji kwanza na umwache atulie wiki nzima bila kumshika. Kisha mpe kitoto kimoja kidogo kuliko unene wa mwili wake. Akikaa nacho na kupata choo, mpe kingine cha ukubwa uleule baada ya siku tano. Akitapika, mpumzishe siku 10 hadi 14 kabla ya kujaribu tena, na mlo huo uwe mdogo zaidi.

Wangu mkali, hakai kwenye mizani. Nafanyaje?

Usimtoe kabisa. Pima sanduku lake la kujificha likiwa tupu na uandike uzito wake. Siku akiwa amelala humo, ziba mlango kwa kadibodi, liinue pamoja naye hadi kwenye mizani, kisha toa uzito wa sanduku na kadibodi.