Somo: Kula mitaani Lubumbashi ukiwa na pikapu ya kulala

Wasafiri wenye pikapu za kibanda mgongoni hupita Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Kongo (DRC), mbiombio. Wametoka Tunduma, wameikata Zambia, wamevuka mpaka wa Kasumbalesa, wanaingia mjini hoi. Wanaegesha, wanafunga mlango, wanawasha jiko la gesi na kuchemsha tambi. Kesho yake alfajiri wako njiani kwenda Likasi na Kolwezi. Mimi ni mkazi wa hapa, na nikiona gari la namna hiyo limefungwa madirisha saa moja jioni, wakati mtaa wa pili mbuzi yuko juu ya makaa, naumia kweli. Ndiyo maana naandika somo hili. Ukiwa mjini kwetu, kibanda kiwe cha kulala, na chakula ukitafute nje, kwa miguu.

Hatua ya 1: Egesha kwanza, kula baadaye

Vuka mpaka asubuhi. Kutoka Kasumbalesa hadi mjini ni kama kilomita 90 za lami, lakini malori ya shaba na ya mafuta ni mengi, na saa za njiani huwezi kuzipanga wewe. Ukitoka Zambia ulikuwa unaendesha kushoto; ukishavuka unahamia kulia. Kwa gari la Tanzania au Kenya hilo lina maana ambayo wengi huwaingia wakiwa tayari wameshasimama mtaani: ukiegesha pembeni, abiria wako anafungua mlango upande wa magari yanayopita. Turubai la kivuli nalo, kama ulilifunga ubavu wa kushoto kama kawaida ya kwetu Afrika Mashariki, linafungukia katikati ya barabara. Kwa hiyo ondoa wazo la kuegesha mbele ya mgahawa na kutandaza viti.

Tafuta ua wenye lango na mlinzi: hoteli ndogo, parokia, au nyumba ya wageni yenye nafasi. Patana bei kabla ya kuzima injini, na uliza kama maji na umeme vimo ndani ya bei hiyo. Kabla ya kupita langoni, shuka utazame juu. Vibanda vikubwa vya Kimarekani vikiwa juu ya pikapu huzidi mita 3, na nyaya za umeme za mitaani kwetu hazikuwekwa kwa kuwafikiria ninyi. Matawi ya jakaranda na miembe ni hivyo hivyo. Andika urefu wa gari kwenye kipande cha karatasi, ukibandike mbele ya usukani.

Gari likishatulia, lisiguswe mpaka siku ya kuondoka. Mjini tembea, panda teksi, au chukua pikipiki.

Hatua ya 2: Fedha ndogo

Dola na faranga za Kongo zote zinatumika. Dola iwe safi, isiwe na mchaniko hata wa milimita, la sivyo itarudishwa mkononi mwako. Kwa chakula cha mtaani, badilisha kiasi uwe na noti za faranga 500 na 1,000. Mama anayeuza sahani ya mchana hana chenji ya dola ishirini, na si haki kumtuma akuzungukie soko zima akitafuta.

Hatua ya 3: Mchana, malewa

Malewa ni vile vibanda vya chakula ambako masufuria yamepangwa juu ya mbabula, yaani majiko ya mkaa, benchi mbili, meza ya mbao, na mama mmoja anayejua nani anataka nini. Hapa ndipo wafanyakazi, wanafunzi na madereva wanapokula. Agiza bukari, ambao ni ugali wetu, wa mahindi mtupu au uliochanganywa na unga wa muhogo. Ule mchanganyiko unavutika zaidi na unakaa tumboni muda mrefu. Pembeni chagua sombe, yaani kisamvu, au lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Kitoweo kitakuwa samaki, maharage, nyama au kuku.

Kuchagua malewa kuna namna yake. Usitazame ukuta, tazama mzunguko wa sufuria. Fika mapema kidogo, kama saa sita, uone chakula kikifunuliwa kwa mara ya kwanza. Mvuke ukipanda wenyewe mfuniko ukiinuliwa, kaa. Kama mchuzi umepoa na umeshika utando juu, salimia, shukuru, songa mbele. Penye watu wanaosubiri kwa zamu, chakula hakikai. Tazama pia maji ya kunawa: yawe ya kumiminiwa kutoka kwenye birika au ndoo yenye bomba, na sabuni iwepo. Beseni moja ambalo kila mtu anatumbukiza mkono, liruke. Kipindupindu hujirudia katika mkoa huu wa Haut-Katanga, na mikono michafu ni mojawapo ya njia zake.

Msalimie mama kabla ya kuagiza. "Mama, jambo, leo kuna nini?" inafungua mlango kuliko kunyoosha kidole kwenye sufuria. Naye atakuita papa, mama au yaya (kwetu ni kaka au dada mkubwa) kulingana na umri wako. Ukimwambia umetoka Tanzania au Kenya, jiandae kuulizwa maswali na benchi zima.

Hatua ya 4: Jioni, michopo

Kwa hili peke yake ningewaomba mlale Lubumbashi usiku wa ziada.

Michopo ni mbuzi wa kuchomwa, lakini msiuingize kwenye kundi la nyama choma mnazozijua. Jua likizama, kando ya mabaa na kwenye njia panda za mitaa ya Kamalondo, Kenya (mtaa wa hapa, si nchi), Katuba na Bel-Air, mchomaji anatandaza makala, mkaa wetu wa miti ya miombo, kwenye jiko la chuma refu. Nyama inachomwa ikiwa na mfupa wake na mafuta yake. Wewe unasimama mbele ya jiko na kuonyesha kipande unachokitaka. Unataja fedha uliyo nayo, mnapatana, naye anakirudisha kipande hicho motoni mpaka ngozi ya mafuta ianze kutoa sauti. Kisha anakiweka juu ya gogo na kukikata kwa panga fupi, vipande vya kuingia mdomoni mara moja, mfupa na yote. Vinamwagwa kwenye karatasi pamoja na kitunguu kibichi, chumvi na pilipili ya kusaga. Karatasi inashika mafuta palepale. Unakula kwa mkono, umesimama au umekaa kwenye kiti cha plastiki, kabla haijapoa.

Mambo matatu kuhusu michopo. Omba mbavu kama unapenda mafuta, paja kama unapenda nyama tupu. Mwambie aichome mpaka ndani na usione haya kuirudisha. Mchomaji mzuri hachukii. Na pilipili iwekwe pembeni ya karatasi, si juu ya nyama, mpaka uonje kwanza ukali wake.

Bia zinazotengenezwa hapa ni Simba na Tembo. Asiyekunywa pombe aulize munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachushwa kwa mizizi ya mmea wa jina hilo hilo. Kikiwa cha siku moja ni kitamu na chepesi. Kikikaa, kinapata kilevi. Lakini kwa kuwa huwezi kujua maji yaliyotumika, kinywe nyumbani kwa mtu anayekualika, si kwenye chupa ya njiani.

Rudini kwa teksi, pamoja, mapema. Siku TP Mazembe wanapocheza nyumbani, Kamalondo hujaa mpaka mitaa ya jirani. Ni raha kubwa kuwa hapo kwa miguu.

Hatua ya 5: Vya kubeba kwenye kibanda

Asubuhi ya kuondoka pitia sokoni ununue vitu vinavyovumilia safari. Cha kwanza ni kikanda. Hiki ni chakula cha Katanga na Zambia kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi za porini. Vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga na pilipili, vinapikwa mpaka vigande na kukatwa vipande kama soseji. Nyama haimo kabisa. Kinaliwa kikiwa baridi, hakimwagiki, hakitaki friji kwa siku hiyo. Kwa mtu wa kibanda ni chakula cha njiani kisicho na mfano. Nunua cha kuwatosha na basi, kwa sababu kila kiazi kinachochimbwa ni mmea uliokufa, na wachimbaji sasa wanakwenda mbali kuzitafuta.

Viwavi waliokaushwa ni vyepesi na havichukui nafasi. Vilowekwe, vikaangwe na nyanya na kitunguu. Kuanzia Oktoba utaona pia masuku, matunda ya porini yenye nyama ya rangi ya asali, ambayo watoto wanamaliza kabla gari halijatoka mjini.

Sombe mbichi usinunue kama huna muda. Majani ya muhogo lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke, na hiyo itakumalizia gesi ya siku mbili. Kula iliyopikwa na mtu mwenye jiko kubwa.

Hatua ya 6: Mbabula isiingie ndani, kamwe

Watu hufikiri Kongo yote ni joto. Lubumbashi iko kwenye kimo cha kama mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai ni wa koti na blanketi mbili. Hapo ndipo mtu aliyenunua mbabula kwa ajili ya kuchomea nyama nje anapopata wazo la kuiingiza kibandani ipashe joto. Moshi hauonekani, makala yanawaka mekundu na safi, kila kitu kinaonekana salama. Lakini makala hayo yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na kibanda ni chumba kidogo kilichozibwa vizuri. Watu hulala na hawaamki. Hata makala yaliyofunikwa na majivu bado yanaitoa. Jiko la gesi nalo si la kupashia joto chumba. Ukipika, fungua dirisha na tundu la juu. Nunua kifaa cha kugundua gesi hiyo kabla hujaanza safari, na ukifunge kama mtengenezaji alivyoelekeza. Kwa baridi, vaa soksi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mbeya: Kaka, asante kwa somo. Siwezi kweli kuegesha karibu na soko la Kenya hata saa moja tu, nikanunua vitu nikaondoka?*

Ndugu yangu, kuingia utaingia, kutoka ndiyo kazi. Mikokoteni, wauzaji, teksi zinazopakia na watembea kwa miguu vyote viko kwenye njia ile ile, na kibanda kinakuziba kioo cha ndani, huoni nyuma. Acha gari uani, nenda na kikapu.

*Mwanachama, Nairobi: Tuna mtoto wa miaka minne. Chakula cha malewa atakiweza?*

Atakiweza, mama, ukimchagulia. Bukari na maharage, au wali na kuku, vikiwa vya moto wa kuunguza ulimi, kisha umsubirishie vipoe. Asubuhi vitumbua vinavyotoka kwenye mafuta. Kachumbari, barafu na matunda yaliyokwisha menywa muache ayapite. Embe mmenyee wewe kwa maji ya kwenye tangi lako. Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa au uliyochemsha. Weka chumvi za kurudisha maji mwilini mahali unapopafikia gizani.

*Mwanachama, Zanzibar: Shekhe, kuhusu michopo, uhakika wa halali upoje?*

Usidhanie, uliza. Wako wachomaji Waislamu, na wako wengine ambao jiko hilo hilo linachoma nguruwe upande wa pili. Njia nzuri ni kwenda kuswali msikiti ulio karibu na ulipolala, kisha waulize wenyeji wao wananunua kwa nani. Watakupeleka wenyewe. Usiku ambao hujapata uhakika, kula samaki.

*Mwanachama, Arusha: Nije mwezi gani kama lengo ni kula?*

Barabara nzuri ni Mei hadi Septemba. Lakini tumbo langu lingekuambia Januari. Mvua ikikolea, wauzaji wanapanga uyoga wa miombo kando ya barabara zinazoingia mjini. Ule wa vichuguuni, Termitomyces titanicus, kofia yake inaweza kufika mita moja kwa upana. Kipande chake kimoja kinalisha familia. Nunua aina ambazo wenyeji wanakula na wanazitaja bila kusita, upike siku hiyo hiyo. Usiokote mwenyewe porini hata ufanane vipi na uliokula jana.

*Mwanachama, Dodoma: Friji yangu ni ya gesi. Hapo uani haigandishi, nyama imeanza kunuka. Tatizo nini?*

Angalia kwanza kama gari limekaa sawa. Friji hizo za gesi hutegemea kimiminika kishuke chenyewe ndani ya mabomba. Gari likiinama, mzunguko unakwama. Weka vibao chini ya magurudumu ya upande ulioshuka, tumia pima maji ya fundi, halafu ipe saa kadhaa. Zile za kompresa za volti 12 hazisumbuliwi sana na mwinamo, ila zinakula betri. Nyama hiyo itupe. Usivuke na nyama mbichi mpakani hata ikiwa nzima.

*Mwanachama, Kigoma: Yaya, dagaa wetu wanafika huko?*

Wanafika! Tunawaita ndakala, wa Tanganyika hiyo hiyo yenu, wakavu. Malewa nyingi wanawapika na nyanya na pilipili, pembeni bukari. Samaki wabichi wetu wengi wanatoka Kasenga, upande wa Luapula na ziwa Mweru. Ukija, anza na hao wa Kasenga, hao wengine unao nyumbani.