Kuhamia Berlin na mtoto mdogo: nini kianze, nini kifuate

Ukihamia Berlin na mtoto ambaye bado hajafika umri wa shule, mambo mengi yatasubiri karatasi moja: hati ya kusajili anwani, Anmeldung. Bila usajili huo namba ya kodi ya mtoto haitolewi, na posho yake na nafasi ya chekechea vinabaki vimekwama. Ndiyo maana unapotafuta nyumba ya kuanzia, kabla hujauliza kodi ya pango uliza kama mwenye nyumba atakusainia Wohnungsgeberbestätigung, fomu fupi ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Wengi wanaopangisha kwa wiki chache hawaisaini. Na anayetaka utume hela kabla hujaiona nyumba, achana naye.

Sheria inakupa siku 14 tangu kuhamia. Miadi ya Bürgeramt, ofisi ya wakazi, ni ya kugombaniwa, lakini si lazima uende ofisi ya wilaya yako; yoyote ya Berlin inakupokea. Fungua tovuti yao asubuhi na mapema, kwa kuwa nafasi zilizofutwa hurudishwa, au piga 115. Kama miadi ya karibu inazidi siku 14, ichukue hivyo hivyo na utunze uthibitisho wa siku ulipoiomba. Beba pasipoti za wote, fomu ya mwenye nyumba, fomu ya usajili, cheti cha ndoa kama kipo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto pamoja na tafsiri ya Kijerumani ya mtafsiri aliyeapishwa. Cheti halisi kichukue kabla ya safari. Kumtuma ndugu akifuatilie ukiwa umeshaondoka kunakula wiki nyingi. Kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja, mwenzake aache idhini ya maandishi. Na ukisoma 14:00 kwenye barua ya miadi, ni saa nane mchana. Ukichelewa, zamu imekwenda.

Ukishasajiliwa, zinaanza barua. Ujerumani huendesha mambo kwa posta, na mtu wa posta hutazama jina lililo kwenye sanduku. Hapa familia za kwetu hukwama sana: mtoto ana jina la baba, mama ana jina la babu, na sandukuni limeandikwa moja tu. Barua ya namba ya kodi ya mtoto, Steuer-ID, huja kwa jina la mtoto mwenyewe. Mtu wa posta asipoliona jina hilo, barua hurudi ilikotoka, na wewe unadhani ofisi imechelewa. Andika majina yote ya ukoo yaliyomo nyumbani, sandukuni na kwenye kengele, siku ile ile ya kuhamia.

Namba hiyo ndiyo inayohitajika kuombea Kindergeld, posho ya mtoto, kwa Familienkasse, ofisi ya posho za familia. Mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto, na tangu Januari 2026 ni euro 259. Haki ya kuipata inategemea aina ya kibali chako cha kuishi, basi uliza mapema. Ukichelewa kuomba, malipo hurudi nyuma miezi 6 tu. Kuna na barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Si utapeli, na hulipwa mara moja kwa nyumba nzima hata mkiwa watu wazima watatu.

Bima ya afya isikae bila kushughulikiwa. Mzazi akiwa kwenye bima ya umma, kwa kawaida mtoto huingizwa bila nyongeza ya malipo, ila lazima ujaze fomu, haingii mwenyewe. Madaktari wengi wa watoto hawapokei wagonjwa wapya, kwa hiyo tafuta daktari mtoto akiwa mzima na uombe miadi ya U, uchunguzi wa ukuaji. U7 hufanywa akiwa na miezi 21 hadi 24, U7a miezi 34 hadi 36, U8 miezi 46 hadi 48. Nenda na kadi ya kliniki. Chanjo ya surua ya Tanzania na Kenya ni ile ya surua na rubela, haina matumbwitumbwi, na daktari atataka kukamilisha. Mwambie pia kwamba mtoto alichomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu: Ujerumani haiitoi tena kwa watoto wote tangu 1998, na kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kumchanganya asiyejua. Usiku au Jumapili piga 116117. Hali ya hatari ni 112. Akinywa dawa au sabuni, 030 19240. Dawa ya homa ya mtoto chini ya miaka 12, ikiandikwa na daktari, hulipwa na bima ya umma, basi usikimbilie kuinunua.

Baridi inatisha kuliko ilivyo ngumu. Mvalishe tabaka: fulana iliyobana mwili, sweta, kisha vazi la juu lisilopitisha upepo. Ndani ya basi mvue moja, maana akitoka jasho ndipo hupoa vibaya. Kwenye kiti cha gari toa koti nene kabla ya kufunga mkanda. Likibonyea kwenye mgongano, mkanda unabaki umelegea. Mbeleko inafaa kabisa, hasa lifti ya stesheni ikiwa mbovu na kigari hakipandi ngazi. Uso upake mafuta ya mgando. Giza ndilo jambo la kulichukulia kwa uzito: Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kuanzia Oktoba hadi Machi halina nguvu ya kuufanya mwili utengeneze vitamini D ya kutosha. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Muulize daktari kuhusu matone.

Sasa chekechea, Kita, na hapa usiwe na haraka ila katika kuomba. Mtoto ana haki ya nafasi akifikisha mwaka mmoja, na Berlin hailipishi ada tangu Agosti 2018. Unachangia euro 23 za chakula kwa mwezi, na Kita nyingine huongeza vitu kama kifungua kinywa, uliza kabla ya kusaini. Vocha, Kita-Gutschein, huombwa kwa Jugendamt, ofisi ya watoto na vijana ya wilaya yako, kati ya miezi 9 na 2 kabla ya kuanza. Mgeni aombe mara tu anapopata Anmeldung. Vocha haimaanishi nafasi: nafasi unaitafuta mwenyewe, kwa kuandikia Kita nyingi kwa wakati mmoja na kupita mlangoni. Walezi wa nyumbani, Tagesmutter, hupokea vocha hiyo hiyo, na kwa mtoto mpole wa mwaka mmoja wakati mwingine ndiyo mahali pazuri zaidi. Uthibitisho wa chanjo ya surua ni lazima kisheria tangu Machi 2020: moja akiwa na mwaka, mbili akishafika miaka miwili.

Kisha kuna Eingewöhnung, kumzoesha. Kita nyingi hufuata utaratibu wa Berlin. Siku 3 za kwanza mzazi anakaa naye kama saa moja, pembeni, bila kumsukuma acheze wala kuondoka. Siku ya 4 unamuaga na kutoka kwa dakika chache. Akilia asinyamazishike unarudi, akitulia unaweza kufika dakika 30. Siku hiyo isiangukie Jumatatu, kwa kuwa ametoka kukaa nyumbani siku mbili. Huongezwa hivyo kidogo kidogo, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, na ni vizuri mzazi awe yule yule. Usikubali kuanza kazi wiki hiyo hiyo. Kinachoharibu kuliko vyote ni mazoea yetu ya kutoroka mtoto akiwa kwenye michezo. Siku hiyo halii, lakini kesho yake hakuachii nguo, kwa kuwa amejifunza kwamba akikuacha machoni unapotea. Muage, mwambie utarudi baada ya chakula, na urudi wakati huo huo.

Peleka viatu vya ndani, nguo za kubadilisha, suruali ya mvua na mabuti ya mpira, vyote vikiwa na jina. Watoto hutoka nje hata kukinyesha. Kama hali nguruwe, waandikie walimu kwamba hali na jelatini, maana mara nyingi hutokana na nguruwe. Akikaa kimya kwa miezi kadhaa, hiyo ni kawaida ya mtoto anayejifunza lugha ya pili, nanyi endeleeni na Kiswahili nyumbani. Walimu wape orodha ya maneno yake, mkiyaandika kwa namna Mjerumani atakavyoyatamka: maji iwe madschi, choo iwe tscho, njaa iwe ndscha. Ongeza na lile analolitumia kwenu anapotaka kubebwa, maana kila nyumba ina lake.